Uvimbe wa Shingoni Usiouma: Namna Kifua Kikuu cha Tezi Kinavyothibitishwa

Wengi wetu tumezoea kukitambua kifua kikuu kwa kikohozi. Kwa sababu hiyo mtu anayeota uvimbe shingoni, chini ya taya au juu ya mtulinga, huuhusisha na jino, baridi au hata husuda, na huanza kuzunguka madukani akinunua dawa. Ukweli ni kwamba bakteria wa kifua kikuu huweza kukaa katika kiungo chochote cha mwili, na nje ya mapafu, tezi za limfu, hasa za shingoni, ni miongoni mwa mahali wanapopatikana mara nyingi zaidi.

Uvimbe huo una tabia zake. Aghalabu hauumi, nao hukua polepole kwa majuma mengi, tofauti na mitoki ya kidonda ambayo huuma na kunywea kidonda kinapopona. Tezi kadhaa zaweza kushikamana na kuwa fundo moja. Zikiachwa hulainika, hupasuka na kutoa usaha. Wapo wanaopata homa, jasho la usiku na kukonda. Wapo pia wasio na dalili nyingine yoyote.

Hata hivyo, kwa macho na vidole peke yake hakuna awezaye kuthibitisha. Saratani nayo huvimbisha tezi namna hiyohiyo. Hivyo swali la kwanza la mgonjwa kwa tabibu liwe hili: tezi yenyewe itapimwaje?

Jibu la kawaida ni sindano nyembamba. Ngozi husafishwa, sindano huingizwa katika tezi, na majimaji au chembe kidogo huvutwa. Kazi hiyo huchukua dakika chache na haihitaji kulazwa. Sehemu ya sampuli hutazamwa kwa darubini. Sehemu nyingine hupimwa vinasaba vya bakteria kwa mashine kama GeneXpert, ambayo hutoa jibu kwa muda wa saa 2 hivi na kuonyesha pia iwapo bakteria wamekuwa sugu kwa dawa ya rifampisini. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kipimo hicho kitumike kwa sampuli za tezi mwaka 2013. Lakini bakteria wa tezini huwa wachache, hivyo jibu la “hakuna” halimalizi shauri. Huenda sampuli ikaoteshwa maabara, jambo linaloweza kuchukua majuma 6 hadi 8, au tezi ikatolewa kwa upasuaji mdogo. Hapo tunamsihi mgonjwa aulize mapema: je, kipande kimoja kitabaki bila kutiwa formalini? Formalini huua bakteria, na kipande kilichotiwa humo hakiwezi tena kuoteshwa.

Tungependa kukaa kidogo kwenye vipimo vya damu, maana hapo ndipo fedha za watu hupotea. Vipo vitendanishi vya haraka vinavyotafuta kingamwili za kifua kikuu katika tone la damu. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilishauri visitumike kabisa kutambua ugonjwa huu, kwa kuwa humwambia mgonjwa kwamba ni mzima, na mzima kwamba ni mgonjwa. Atakayeuziwa kipimo hicho ana haki ya kukikataa. Kile cha kudunga ngozi ya mkono nacho huonyesha tu kwamba mwili umewahi kukutana na bakteria. Hakitofautishi waliolala na walioamka. Kipimo cha damu cha VVU ni jambo jingine, nacho ni sehemu halali ya uchunguzi. Kadhalika picha ya kifua na makohozi, ili ijulikane kama mapafu nayo yameguswa. Kama hayakuguswa, mgonjwa hawaambukizi walio nyumbani kwake.

Mambo mawili huharibu uchunguzi. La kwanza ni kumeza siprofloksasini au levofloksasini za kujinunulia: hizi huweza kuwadhoofisha bakteria kwa muda bila kuwamaliza, na kipimo kikawakosa. La pili ni kupasua uvimbe kwa wembe ili kutoa usaha, jambo linaloweza kuacha tundu lisilofunga kwa miezi.

Ugonjwa ukithibitishwa, tiba ya kawaida ni ya miezi 6, nayo nchini Tanzania hutolewa bila malipo katika vituo vya umma. Si ajabu tezi kuvimba upya, au nyingine kujitokeza, wakati dawa zinafanya kazi yake vizuri. Mara nyingi huwa ni kinga ya mwili inayopambana na mabaki ya bakteria. Mgonjwa asiache dawa wala asianze kutafuta nyingine dukani. Arudi kituo kilekile alikoanzia, akiwa na karatasi ya majibu ya kipimo cha kwanza, ili tabibu alinganishe na kuamua kama tezi ichomwe sindano tena.