Kwa nini paneli ya sola haigeuzi mwanga wote kuwa umeme?

Swali: Fundi aliniambia paneli yangu hutumia kama sehemu ya tano tu ya mwanga wa jua. Je, sayansi haiwezi kufanya zaidi?

Jibu: Inaweza, ila silikoni inayotumika kwenye paneli nyingi ina ukomo wake. Fotoni (chembe za mwanga) za infraredi zenye nishati ndogo hupita bila kung'oa elektroni. Za buluu zina nishati kupita kiasi, na ziada hiyo hupotea kama joto. William Shockley na Hans Queisser walipiga hesabu ya ukomo huu mwaka 1961. Kwa silikoni, ukomo ni takriban asilimia 29.

Tumaini langu kubwa liko kwenye perovskaiti, tabaka jembamba linalowekwa juu ya silikoni. Lenyewe hunasa buluu na kijani, silikoni iliyo chini ikapokea nyekundu na infraredi. Mwaka 2024 kampuni ya LONGi ya China ilitangaza seli ya aina hii yenye ufanisi wa asilimia 34.6. Ni seli ya maabara, lakini imeuvuka ukomo wa silikoni, na hilo si jambo dogo. Kinachosumbua ni uimara: unyevu na joto huiharibu perovskaiti mapema, na nyingi zina madini ya risasi.

Kwa sasa, acha nafasi ya hewa kati ya paneli na bati. Silikoni ikipata joto, umeme hupungua.