Mafunzo Niliyopata Nikifundisha Polima

Mada ya polima za kujumlisha wanafunzi huikariri vizuri sana, halafu mtihani ukigeuza swali kidogo wanakwama. Darasani nimejifunza haya.

1. Watoke vitini. Nawapanga wawili wawili, kila jozi imeshikana mikono yote miwili. Hiyo ni molekuli ya ethini: kaboni mbili zenye kifungo maradufu. Haidrojeni zake nne tunaziacha, darasa halitoshi. Kisha naingiza mwanafunzi mmoja asiye na mwenzi. Anadaka mkono wa jozi ya kwanza. Aliyedakwa inabidi amwachie mwenzake mkono mmoja, na mwenzake, akiwa na mkono mtupu, anadaka mkono wa jozi inayofuata. Punde darasa zima ni mnyororo. Aliwahi kutokea mmoja akauliza, "Mwalimu, sasa huu unaishia wapi?" Nikaleta mnyororo wa pili, mkono mtupu ukakutana na mkono mtupu. Hakuuliza tena.

2. Yule asiye na mwenzi ndiye mwenye mchezo. Mwaka 1933, huko Winnington, Uingereza, Reginald Gibson na Eric Fawcett waliibana ethini pamoja na benzaldihaidi kwa kanieneo ya zaidi ya mara elfu moja ya ile ya hewa ya kawaida, kwenye joto la nyuzi 170. Wakakuta kitu cheupe kama nta: polithini. Kukipata tena ikawa kazi, mpaka ilipobainika mwaka 1935 kwamba chembe za oksijeni zilizopenya kwenye mtambo ndizo zilizoanzisha minyororo, kama yule mwanafunzi asiye na mwenzi. Kisa hiki hukaa kichwani kuliko mlinganyo wowote ninaoandika ubaoni.

3. Hakuna kinachodondoka. Nailoni ikitengenezwa, maji yanaweza kutoka pembeni, hapa hayatoki. Gramu 28 za ethini zikiungana zote, unapata gramu 28 za polithini.

4. Tumia maji ya bromini. Ukiyatikisa na mafuta ya alizeti, rangi ya machungwa inapotea, kwa sababu mafuta yale bado yana vifungo maradufu. Weka vipande vya mfuko wa plastiki: rangi iko palepale. Kifungo kilishafunguka kiwandani. Ndiyo maana pia mfuko unakaa mtaroni miaka na miaka. Vijidudu havina pa kuushika kwa urahisi.

5. Badilisha haidrojeni moja tu ya ethini. Ukiweka klorini mahali pake, monoma hiyo inazaa PVC. Ukiweka kaboni yenye haidrojeni tatu, unapata polipropini inayofumwa viroba vya mchele. Natumbukiza vipande kwenye beseni: cha kiroba kinaelea, cha bomba la PVC kinazama. Kuvichoma siruhusu, hasa PVC, maana moshi wake una haidrojeni kloraidi inayowasha koo na macho.

6. Mnyororo wenye matawi haupangiki vizuri, hivyo plastiki inakuwa laini. Karl Ziegler, mwaka 1953, alipata vichocheo vinavyounganisha ethini kwa kanieneo ndogo, minyororo ikatoka imenyooka na kubanana. Kwa hiyo dumu la mafuta na mfuko laini vinaweza kutokana na monoma ileile, na swali la kwa nini iwe hivyo nalitoa kila muhula.