Dondoo muhimu: Jina la filamu linalobaki kichwani

Jina ndilo tangazo la kwanza la filamu yako. Lipe muda wake kabla ya kuchapa bango.

• Anza na kiini cha hadithi. Mhusika wako anapigania nini? *Vuta N'kuvute* (2021) ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, inatangaza mvutano hata kabla taa za ukumbi hazijazimwa.

• Fupisha. Wanuri Kahiu alitosheka na neno moja: *Pumzi* (2009), kisha *Rafiki* (2018). Jina fupi husomeka vizuri hata kwenye kioo cha simu.

• Usitoboe siri. "Mke Aliyemuua Mumewe" limemaliza utamu wote. "Chai ya Jioni" linamwachia mtazamaji swali.

• Kiamini Kiswahili. Jina la Kiingereza pekee haliifanyi filamu kuwa ya kimataifa. *Vuta N'kuvute* ilibaki na jina lake, na watazamaji wa nje wakapewa tafsiri: *Tug of War*.

• Chunguza kwanza. Litafute mtandaoni. Kama tayari kuna filamu maarufu yenye jina hilo, yako itamezwa.

• Lijaribu kwa masikio. Mtajie jirani mara moja tu, kisha muulize kesho yake. Akilikumbuka bila kusaidiwa, umepata jina. Akisitasita, rudi mezani, bado hujachelewa.