Kwa Nini Mshtakiwa wa Mauaji Huachiliwa
Wakazi wa Busia na Malaba hutuuliza: mtu alishtakiwa kwa mauaji, mbona amerudi kijijini? Katika Mahakama Kuu ya Uganda, mashtaka huthibitisha mambo manne: kwamba mtu alikufa, kwamba aliuawa kinyume cha sheria, kwamba palikuwa na kusudi la kuua, na kwamba mshtakiwa alishiriki. Matatu ya kwanza mara nyingi maiti yenyewe huyaeleza. La nne ndilo gumu.

Mwaka 1953 Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilionya juu ya shahidi mmoja aliyemtambua mtu katika mazingira magumu. Hata leo jaji huuliza: palikuwa na mwanga gani? Umbali gani? Ulimtazama kwa muda gani? Ulimfahamu kabla? Anayejibu "nilimwona tu" huenda asema kweli, lakini jibu hilo halitoshi.

Mpakani pana shida zaidi: shahidi huvuka kwenda Kenya, kwa kazi au kwa hofu, na wito wa mahakama ya Uganda peke yake hauna nguvu kule. Twaomba aliyeona aandikishe maelezo siku ile ile, ataje taa na mavazi, na aache namba ya jamaa wa pande zote mbili.