Mazoezi Uliyoyaacha: Usingoje Januari



Kijana mwenzangu, Oktoba imeingia. Yale mazoezi uliyoyaanza Januari kwa mbwembwe yako wapi? Usijibu haraka, ngoja nianze mimi.

Niko mwaka wa kichungaji hapa Muleba. Januari nilikuwa nakimbia kila alfajiri na vijana wachache wa VIWAWA. Tulienda vizuri mpaka masika, na mvua za Kagera unazijua, hazipigi hodi. Nikaacha siku moja, ikawa wiki, ikawa Septemba. Kila nikiviona viatu chini ya kitanda nasema, "Aa, mwaka wenyewe umeshaisha huu."

Mwezi uliopita tulikuwa na mazishi kigangoni. Kwetu marehemu huzikwa kwenye kibanja chake, kati ya migomba, na njia ya siku ile ilikuwa ya kupanda. Nikajitokeza kubeba jeneza. Hatujafika nusu ya kilima, magoti yanatetemeka, pumzi imekata. Mzee mmoja, anayemzidi baba yangu umri, akanigusa bega: "Frateri, leta hapa." Hakunicheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Mpaka siku hiyo nilidhani nilichokiacha ni jambo langu binafsi.

1. Mwili wako si wako peke yako

Katika 1 Wakorintho 6:19-20, Mtume Paulo anatukumbusha kwamba mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu, na sisi si mali yetu wenyewe. Mara nyingi tunaisoma kwa habari ya usafi wa moyo tu. Lakini mtazame Mtakatifu Pier Giorgio Frassati, kijana wa Torino, Italia, aliyefariki tarehe 4 Julai 1925 akiwa na miaka 24, na kutangazwa mtakatifu na Papa Leo XIV tarehe 7 Septemba 2025. Alipenda sana kupanda milima ya Alpi. Miguu ile ile ndiyo ilimfikisha kwa maskini wa mji wake, akiwapelekea chakula na dawa.

2. Hamu imeenda wapi?

Mtakatifu Thomas wa Akwino (Summa Theologiae, I-II, swali la 53) anauliza kama tabia njema inaweza kupungua kwa kuacha tu kuitenda. Anajibu ndiyo: tukiacha kutenda, mielekeo ya kinyume inaota taratibu. Ni kama kibanja. Hujang'oa mgomba hata mmoja, ila usipopalilia, magugu yanafanya kazi yake. Kwa hiyo hamu yako haijafa, imefunikwa. Shika jembe. Swali la 52 linaongeza kwamba tabia hukua kwa matendo yanayorudiwa, kama tone na jiwe: si kila tone linatoboa, lakini yakifuatana jiwe linakubali.

3. Mungu anaanzaje na aliyechoka?

Soma 1 Wafalme 19:4-8. Eliya amechoka mpaka anaomba kufa. Malaika hamgombezi. Anampa mkate na maji, Eliya anakula, analala tena. Anaamshwa mara ya pili, anakula, ndipo anatembea siku 40 hadi Horebu. Hatuambiwi kwamba aliondoka akiwa na hamu. Aliondoka akiwa amekula na amelala.

4. Ya kufanya wiki hii

*Lala mapema.* Simu iwe mbali na kitanda.

*Anza chini kabisa.* Juzi nikiwa Bukoba mjini nilianza upya kando ya ziwa: dakika 5 kukimbia, 15 kutembea. Basi. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wafikishe angalau dakika 150 kwa wiki, yaani kama 30 kwa siku 5. Utafika, ila usianzie huko. Kama una tatizo la moyo au kifua, muone daktari kwanza.

*Mvua isiwe kisingizio.* Ruka kamba barazani. Nenda Misa ya asubuhi kwa miguu badala ya bodaboda.

*Jua unafanya kwa ajili ya nani.* Senene wakishuka Novemba, nani Bukoba hulalamika kwamba hana hamu ya kuamka usiku? Usingizi tunao, ila tunajua tunachokifuata. Taja mtu mmoja atakayefaidi nguvu zako: bibi anayehitaji maji, mgonjwa wa jumuiya yenu.

*Ukikosa siku, rudi kesho.* Hatuanguki dhambini Oktoba tukangoja Kwaresima ndipo tuungame. Hata Kanisa halingoji Januari: mwaka wake unaanza na Majilio.

Mazishi yajayo, nataka niwe mimi wa kusema, "Mzee, leta hapa."

Tafakari: Ni nani amebeba mzigo wangu kwa sababu nilikuwa nimeacha kujiandaa?

Sala: Ee Bwana, uliyemwamsha Eliya kwa mkate na maji, niamshe na mimi. Nipe hatua ya leo tu, na nguvu nitakazopata ziwe za kuwabeba wenzangu. Amina.