KABICHI NA SUKUMA WIKI NI NDUGU

Wakulima wa Merigi, tazameni bustani zenu. Kabichi imejifunga kama mpira. Sukuma wiki ina majani yaliyotawanyika. Koliflawa huliwa kichwa cha maua. Je, mwajua kwamba zote tatu ni kabila moja?

Zamani za kale, kandokando ya Bahari ya Mediterania, watu walianza kulima mmea wa porini wenye majani machungu. Waliochagua mbegu za miche yenye majani mengi wakapata, kizazi baada ya kizazi, mboga kama sukuma wiki. Waliochagua miche iliyokunja majani pamoja wakapata kabichi. Waliopenda vichwa vya maua wakapata koliflawa.

Kazi hiyo haijakwisha. Iangalieni isagek, yaani saga. Tukichuma na kula miche mizuri yote, mbegu hutoka kwa ile iliyowahi kutoa maua ikiwa na majani machache, na watoto hufuata mzazi. Basi fanyeni hivi:

1. Fungeni kamba kwenye miche mingi yenye afya na majani mapana, inayochelewa kutoa maua. Msiichume.
2. Miche inayowahi kutoa maua, ing'oeni mkaile kabla maua hayajafunguka, isichanganye uzazi na ile mizuri.
3. Vuneni maganda yakigeuka manjano, kabla hayajapasuka. Kausheni, pureni, mkaweke mbegu mahali pakavu.

Mkiendelea hivyo kila msimu, wanenu watachuma majani mengi kuliko mnayochuma ninyi.