Kadi ya Milioni Tano: Piga Hesabu Kabla ya Kununua

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani, Bariadi. Jioni moja mdogo wangu alimwonyesha baba picha kwenye simu: kadi ya michoro, RTX 5090. Dogo anahariri video za harusi mchana, usiku anacheza gemu. Alitaka sehemu ya hela ya pamba ya familia iende huko. Baba akaitazama ile picha, akauliza, "Hii inalima?" Tukacheka. Yeye hakucheka. Akanigeukia: "Wewe ndiye unayesoma. Nipe jibu kabla pamba haijaenda kwenye mzani."

Makala hii ni jibu nililompa. Naileta kwako mwanachuo mwenzangu kwa sababu swali hilohilo hulisikia hosteli kila bumu likiingia.

1. Jua bei kamili

RTX 5090 ilitoka Januari 2025 kwa bei iliyotangazwa ya dola 1,999. Tukichukua dola moja kwa shilingi 2,500, hiyo ni karibu milioni 5, na hapo hujaweka usafiri, kodi wala faida ya muuzaji. Tena kadi haifanyi kazi peke yake. Inataka pawa saplai ya wati 1,000, kasha kubwa na prosesa inayoweza kwenda nayo. Na kama una kompyuta mpakato, kadi hii haiingii humo. Hata mpakato ulioandikwa RTX 5090 una kadi ndogo zaidi: kumbukumbu yake ni GB 24, wakati ya mezani ina GB 32, na inapewa umeme mdogo sana kuliko ile ya mezani. Jina ni moja, nguvu ni tofauti.

Sasa igeuze hiyo bei iwe kitu unachokijua. Kwa mwanachuo anayepata shilingi 10,000 kwa siku za chakula na malazi, milioni 5 ni siku 500. Kwa baba nilitumia pamba. Tuseme kilo ni shilingi 1,150 na ekari moja inatoa kilo 250. Milioni 5 ni zaidi ya kilo 4,300, yaani ekari 17 na ushee. Na hayo ni mapato kabla ya kutoa dawa, palizi na vibarua.

2. Angalia kioo chako

Hapa ndipo wengi tunapopigwa. Kioo cha kawaida cha 1080p kina nukta milioni 2 hivi. Cha 4K kina nukta zaidi ya milioni 8, mara nne yake. Kadi kubwa imetengenezwa kwa ajili ya kuzijaza hizo milioni 8. Ukiifunga kwenye kioo cha 1080p, sehemu kubwa ya nguvu yake inakaa bure.

Kuna kasi pia. Kioo cha hezi 60 kinaonyesha picha 60 kwa sekunde, basi. Kadi ikitoa 200, unachokiona kwenye kioo bado ni 60. Kioo cha dogo ni hichohicho cha 1080p, hezi 60. Kadi kama RTX 5060, iliyotangazwa kwa dola 299 (karibu 750,000 kwa hesabu yetu ileile), inatosha gemu nyingi kwenye kioo kama hicho. GTA V, gemu ya mwaka 2013 ambayo bado inachezwa sana, inahitaji hata kidogo zaidi ya hapo.

3. Umeme

RTX 5090 ikifanya kazi kwa nguvu zote inakula wati 575. Saa 4 kwa siku ni yuniti 2.3, kwa siku 30 ni yuniti 69. Hapo ni kadi tu, bila prosesa wala kioo. Nyumba iliyo kwenye kundi la watumiaji wadogo inapata bei nafuu kwa yuniti 75 za kwanza kwa mwezi. Maana yake kadi moja inakaribia kuzimaliza zote, kisha taa, friji na pasi za mama zinaingia kwenye bei ya juu. RTX 5060 inakula wati 145: kwa saa zilezile ni yuniti 17 na kidogo. Na usisahau joto. Wati zote hizo zinaishia chumbani, chini ya bati, jua la Simiyu likiwa juu.

4. Je, inarudisha?

Hili ndilo swali lenyewe la baba. Kadi inalima pale tu inapoondoa kitu kinachokukwamisha. Kama unatengeneza michoro ya 3D na mteja anasubiri, saa unazookoa ni hela. Kama unafundisha modeli ya akili unde isiyoenea kwenye GB 16 za kadi, GB 32 zina maana. Lakini kama ni mradi wa mwaka wa mwisho, jaribu kwanza Kaggle, wanaotoa takriban saa 30 za GPU kwa wiki bila malipo. Huenda bando likakutosha.

Nikamuuliza dogo: "Umekosa wateja wangapi kwa sababu kompyuta ni nzito?" Akafikiri. Hakuna. "Na kazi zilizoharibika?" Mbili: moja umeme ulikatika katikati ya kuhariri, nyingine diski ilijaa akafuta video za watu. Kilichokuwa kinamkwamisha ni UPS na diski.

Akajitetea, "Lakini kaka, siku moja nitaihitaji." Kweli, inawezekana. Ila siku hiyo itakuwepo kadi nyingine yenye nguvu zaidi, na hii itauzwa kwa bei ya mtumba. Kununua leo nguvu ya kesho ni kulipia kitu kinachoshuka thamani kikiwa kimekaa tu.

Sisemi raha haina bei. Mtu mwenye kioo cha 4K na hela yake mwenyewe anayetaka kucheza kwa ubora wa juu, anunue. Hana deni la maelezo kwangu. Ila hela ya pamba ina mikono mingi iliyopalilia, na kila mkono una haki ya kuuliza.

Kwa hiyo kabla hujalipa, andika majibu manne kwenye karatasi: Kioo changu kinaweza kuonyesha nini? Ni kazi gani inakwama leo, na inakwamishwa na nini? Umeme wa mwezi utakuwa yuniti ngapi? Hela hii ni ya nani? Jibu moja likikosekana, subiri.

Baba alitoa hela ya UPS na diski. Kadi, alisema, dogo atainunua kwa harusi zake mwenyewe. Mpaka narudi chuo, dogo alikuwa bado amenuna kidogo.